Jamaa ya Katanga: Furaha ya Kikristo katika Kambi za Shaba

Historia ya Ukristo mjini Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, haitenganiki na historia ya shaba, kwa kuwa mji huo, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulikua kando ya tanuri la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipopunguza utegemezi wake kwa vibarua wa muda mfupi na kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao katika kambi, yaani mitaa iliyojengwa na kumilikiwa nayo, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya chakula, matibabu na shule za wamisionari Wabenedikto, huku ikimzoeza kupima thamani yake kwa cheo na mshahara. Hata hivyo, mgomo wa Desemba 1941, uliozimwa kwa risasi mjini humo, ulidhihirisha kwamba mtu aliyelishwa na kutibiwa aliweza bado kukosa heshima na utulivu wa moyo.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozaliwa Jamaa, harakati ya Wakatoliki walei, yaani waumini wasio mapadri. Mwanzilishi wake, Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, alijulikana kwanza kwa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichotolewa Elisabethville mwaka 1945 na kupingwa vikali na Askofu Jean-Félix de Hemptinne. Kama Tempels alivyosimulia baadaye, alikuja akiwa mwalimu mwenye majibu yote, lakini alipoanza kuwasikiliza watu aligundua kwamba naye alikuwa mhitaji, na kwamba kiu yao ndiyo iliyokuwa yake. Baada ya kukaa Ubelgiji kwa muda na kurejea Kongo mwaka 1949, alifanya kazi miongoni mwa wachimbaji wa Kolwezi, na huko, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanandoa waliokutana naye wakawa kiini cha Jamaa, iliyoenea hadi Likasi na Elisabethville kadiri wafanyakazi walivyohamishwa.

Msingi wa harakati hiyo ulikuwa mafundisho, mazungumzo ya imani yaliyoendeshwa kwa Kiswahili cha Katanga, ambamo walei walifundishana kuhusu mawazo matatu, yaani shauku tatu za kila binadamu: uzima, uzazi na mapendo. Hakuna aliyeweza kuzitimiza peke yake, kwa sababu uzima hupokewa, uzazi huhitaji mwenzi, na mapendo hukamilika katika kukutana na Kristo kupitia jirani. Kwa hiyo mume na mke walishika njia pamoja, wakizaliwa kiroho na wanandoa waliowatangulia, ambao waliwaita baba na mama. Hata padri alipaswa kukubali kuwa mtoto kabla ya kuitwa baba. Katika kambi ambamo namba ya kazi ilimtambulisha mtu, huo ulikuwa ukombozi wa kweli.

Njia hiyo haikukosa majaribu. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, kundi lililoitwa Katete likapotosha mafundisho, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliiwekea Jamaa masharti makali, kwa kuwa imani inayomwondolea mtu kiburi cha nafsi inaweza pia kuzaa kiburi cha kundi. Lakini somo lake kuu lilithibitishwa na historia ya kampuni yenyewe: Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu mwaka 1967, ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa malipo ya kuondoka. Aliyeweka furaha yake katika kazi ya mikono yake aliipoteza pamoja na kazi hiyo. Aliyejifunza kuipokea kutoka kwa Mungu na kuigawa kwa ndugu alikuwa na hazina ambayo hakuna mwajiri angeweza kuifuta, na huo ndio mchango wa kudumu wa wachimbaji wa Katanga kwa Ukristo wa Afrika.