Meli Iliyohesabu Furu

Ndugu wana Ukerewe, wazee wetu walivua furu kabla sangara hajatawala ziwa. Ushahidi wake uliachwa na meli ndogo ya utafiti, Ibis, iliyokuwa na kituo chake Jinja. Kati ya 1969 na 1971 ilizunguka Ziwa Victoria ikikokota wavu chini, na samaki walioopolewa wakapimwa. Furu walikuwa takribani asilimia 80 ya uzito. Miaka ya 1980 sangara aliongezeka, na aina nyingi za furu zikatoweka. Bila hesabu ile, leo tungedhani wazee wanatia chumvi. Mchango wako mwaka huu utanunua mizani na daftari za mwalo wetu, ili wajukuu nao wajue tulivua nini.