Gari lisilo na alama, taa ya buluu na king'ora: sheria yasemaje Cabo Delgado?

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Palma, karibu na mto Ruvuma, hadi Mocímboa da Praia na Macomia, kujua ni nani anayesimamisha gari barabarani ni jambo la uhai. Vita vilivyoanza tarehe 5 Oktoba 2017, kwa mashambulizi dhidi ya vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, vimewazoesha wakaazi kuona sare za jeshi zikivaliwa hata na wapiganaji. Dereva wa chapa anayemulikwa na gari asilolitambua ana muda mfupi wa kuamua. Akikaidi, huenda akapigwa risasi na askari wa kweli. Akitii, huenda akaingia mikononi mwa watekaji.

Usalama barabarani nchini Msumbiji unaongozwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2011, iliyotolewa kwa amri ya serikali nambari 1/2011. Magari ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto hupewa kipaumbele yanapokuwa katika kazi ya dharura na yakiwa yametoa ishara zinazostahili. Msingi huo ni ule ule uliomo katika Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani: anayesikia king'ora na kuona taa maalumu hupisha njia, na ikibidi husimama, naye dereva wa gari la dharura anaweza kutofuata baadhi ya kanuni, mradi asiwahatarishe wengine. Kwa hiyo kipaumbele kinatokana na dharura. Ofisa anayewasha king'ora ili awahi chakula cha mchana hana haki zaidi ya muuza samaki aliye mbele yake.

Jambo moja huchanganywa mara nyingi. King'ora na taa humwomba mtu apishe. Amri ya kusimama ni kitu kingine: hutolewa na askari kwa mkono, kwa kibao au kwa kipaza sauti. Gari likikujia kwa nyuma na king'ora, hatua ya kwanza ni kupunguza mwendo na kusogea kando, upande wa kushoto. Likipita, basi shughuli yake haikuwa nawe.

Gari la polisi lisilo na rangi wala maandishi ya polisi si kinyume cha sheria kwa lenyewe. Idara ya Taifa ya Upelelezi wa Jinai, SERNIC, iliyoundwa mwaka 2017, haiwezi kufuatilia watekaji nyara au wauza dawa za kulevya kwa gari lililoandikwa pande zote. Taa ya gari la namna hiyo hufichwa nyuma ya kioo au huwekwa juu ya paa kwa sumaku pale inapohitajika. Ugumu ni kwamba taa na king'ora ni bidhaa zinazouzwa, na yeyote mwenye fedha anaweza kuzinunua. Haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba aliye ndani ni polisi.

Wala kuwa polisi si uthibitisho kwamba kazi ni halali. Tarehe 7 Oktoba 2019, mjini Xai-Xai katika mkoa wa Gaza, Anastácio Matavele, kiongozi wa waangalizi wa uchaguzi wa asasi za kiraia, alipigwa risasi na watu waliokuwa ndani ya gari dogo la kawaida, Toyota Mark X. Walipokuwa wakikimbia walipata ajali, na hapo ndipo ilipobainika kwamba wauaji walikuwa polisi. Mwezi Juni 2020 mahakama iliwatia hatiani maofisa kadhaa, na baadhi yao wakapewa vifungo vya miaka 24. Lau si ajali ile, huenda gari hilo lingebaki gari lisilojulikana. Waganda wanalifahamu jambo hili kwa jina lao wenyewe: gari za Toyota Hiace zisizo na alama, zilizotumika kuwachukua wafuasi wa upinzani wakati wa uchaguzi wa 2021, waliziita "droni".

Katika barabara ya N380, inayopita Macomia kuelekea Awasse, hali ni nzito zaidi. Wapiganaji wamewahi kuweka vizuizi vyao humo na kudai fedha kutoka kwa wasafiri kabla ya kuwaachilia. Ndiyo sababu madereva wengi husubiri misafara inayosindikizwa na wanajeshi, hata kama kusubiri kunaozesha samaki. Anayelazimika kusimama hufanya vyema kuwasha taa ya ndani na kuacha mikono ionekane, kisha kuuliza kwa upole jina na kituo cha anayemsimamisha.

Mtu akikamatwa, ibara ya 64 ya Katiba inataka aelezwe mara moja, na kwa namna anayoielewa, sababu za kukamatwa na haki zake. Kwa Mmwani au mzee wa Palma asiyejua Kireno, maneno hayo "anayoielewa" yana uzito wake. Kukamatwa kukiwa kinyume cha sheria, ibara ya 66 inaruhusu ombi la habeas corpus, na mahakama hupaswa kuliamua katika muda usiozidi siku nane.

Lakini ombi hilo huhitaji kujua ni nani anayemshikilia mtu. Tarehe 7 Aprili 2020, Ibraimo Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alimwandikia mwenzake ujumbe kwamba amezingirwa na wanajeshi, kisha akatoweka. Ndugu wanaoona jamaa yao akichukuliwa waandike papo hapo nambari ya gari, rangi yake, saa, na upande lilikoelekea, kisha wapeleke maelezo hayo kituo cha polisi, ambacho wenyeji hukiita esquadra, na pia kwa mwendesha mashtaka wa umma wa wilaya.