MZEE MAJUTO WA TANGA, NA MALIPO YA KICHEKO

Nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye wengi wenu mlimcheka, na huenda hamkuwaza hata siku moja jinsi alivyopata riziki yake. Mtu huyo ni Amri Athumani, yaani Mzee Majuto, aliyeitwa pia King Majuto.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akasoma shule ya msingi ya Msambweni mjini humo. Mwaka 1958, angali mtoto, alianza kuigiza jukwaani, na kazi hiyo akaishika hata uzeeni. Watu walimjua hasa kwa sura ya mzee mbishi, mjanja, mwenye tamaa, ambaye hila zake humrudia mwenyewe. Zilipokuja kanda za video, alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza nchini kurekodi michezo yao na kuiuza. Ndipo sauti yake ya Tanga ilipofika hata huku magharibi ya Ziwa, na watu wanaosemezana Kihaya nyumbani wakamcheka kwa Kiswahili.

Lakini kicheko kina thamani gani, na thamani hiyo ni ya nani? Tumtazame mchekeshaji mwingine, Charlie Chaplin, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1889, akakua katika umaskini. Yeye alipata sifa huko Marekani kwa sura ya fukara mwenye koti la kubana, suruali pana na fimbo. Mwaka 1919 alishirikiana na wenzake watatu kuunda United Artists, kampuni ya kusambaza sinema zao wenyewe. Hivyo kazi yake ikawa mali yake.

Kwetu mambo yalikuwa mengine. Wasanii wengi walilipwa mara moja tu wakatoa haki zote, na sinema ikazidi kuuzwa pasipo wao kupata hata senti. Ninyi wakulima wa kahawa mwaijua biashara ya namna hii kwa jina la butura: mwenye shida huiuza kahawa ingali maua mtini, na mavuno yakija, si yake tena.

Mwaka 2018 Mzee Majuto aliugua sana, akapelekwa India kutibiwa. Mwaka huohuo Waziri aliyesimamia sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii, na ya Mzee Majuto ikiwamo. Tarehe 8 Agosti 2018 alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, wanafunzi, kusoma si kwa ajili ya mtihani peke yake. Mtu akikuletea karatasi utie sahihi, isome mpaka mstari wa mwisho, kisha umwulize: kazi hii ikiuzwa tena kesho, mimi nitapata nini? Asipojibu, usitie sahihi.