Namba kwenye Karatasi ya Baba Zilitoka Wapi?



Pengine baba watoto amerudi kutoka maabara na karatasi ya testosteroni, yaani homoni ya kiume. Kando ya namba yake kuna namba mbili: mpaka wa chini na wa juu. Yake ikiwa chini, anavunjika moyo na nyumba nzima inaingia hofu. Je, mipaka hiyo ilitoka wapi?

Historia yake ilianza na jogoo. Mwaka 1849, Arnold Berthold wa Ujerumani aliwatoa majogoo wachanga makende. Vilemba vyao havikukua, wala hawakuwika. Wale aliowarudishia kende tumboni waliwika kama kawaida. Ikaonekana kuna kitu kinachosafiri katika damu. Mwaka 1935, watafiti wa Amsterdam walikitoa katika makende ya mafahali, wakakiita testosteroni.

Kukipima kwa mtu kulikuwa kugumu, kwa kuwa ni kidogo mno. Njia ilifunguliwa na Wamarekani Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliobuni namna ya kupima homoni ndogondogo katika damu. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Mipaka hupatikana hivi: watu wenye afya hupimwa, kisha huchukuliwa 95 wa katikati kwa kila 100. Kwa hiyo watano kati ya 100 huwa nje ya mipaka, ilhali ni wazima! Mwaka 2017 ulitangazwa mpaka wa testosteroni yote, nanogramu 264 hadi 916 kwa desilita. Waliopimwa walikuwa vijana wa Marekani na Ulaya. Hapa kwetu Kenya, utafiti wa Kericho uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa baadhi ya vipimo vingine vya damu vya watu wazima kiafya hutofautiana na vya Marekani.

Tena, testosteroni nyingi hushikwa na protini. Iliyo huru ni kama 2 tu kwa kila 100, na maabara huipima au kuikokotoa kwa njia mbalimbali. Usilinganishe karatasi ya maabara moja na mipaka ya nyingine.

Mama, kumbuka haya:

1. Kipimo kifanywe asubuhi, kabla ya kula.
2. Kikiwa chini, kirudiwe siku nyingine. Ugonjwa, unene na baadhi ya dawa hukishusha.
3. Daktari aangalie dalili pia, si namba peke yake.
4. Baba asinunue sindano za testosteroni kiholela. Huzuia mwili kutengeneza mbegu za uzazi, na wanaotafuta mtoto wanaweza kumkosa.

Namba hiyo haipimi uanaume wa mtu. Mtie moyo arudi kwa daktari, nawe umsindikize.