Julai 13, Chicago: Nyuzi 40

Kuna jedwali la hali ya hewa ya Chicago, Marekani, ambalo mimi hulirudia kama vile wengine hurudia msimamo wa ligi. Kila siku ya mwaka ina mstari wake: joto la juu zaidi kuwahi kupimwa tarehe hiyo, na mwaka lilipopimwa. Ukifika Julai 13 utakuta 104 kwa kipimo cha Farenhaiti, yaani nyuzi 40 za Selsiasi tunazotumia sisi. Mwaka ni 1995. Basi, ni hayo tu.

Wakenya wengi tunaijua Chicago kwa marathoni. Ndiko Kelvin Kiptum alikokimbia kwa saa 2:00:35 mwaka wa 2023. Lakini hiyo ilikuwa Oktoba, hewa ikiwa poa. Chicago ya Julai ni stori tofauti kabisa.

Tuanze na swali ambalo watu hawaulizi: hizo nyuzi 40 zilipimwa wapi? Jiji ni kubwa, na kipimajoto rasmi ni kimoja. Tena kimekuwa kikihamahama kama mpangaji. Mwanzoni kilikuwa katikati ya mji. Mwaka wa 1926 kikahamia Chuo Kikuu cha Chicago, karibu na Ziwa Michigan, 1942 kikapelekwa uwanja wa ndege wa Midway, na tangu 1980 kiko uwanja wa O'Hare, pembeni kabisa mwa jiji. Ziwa lile ni kama bahari, na upepo wake ukivuma, wanaokaa ufuoni hupata afueni huku wa ndani wakiendelea kuchomeka. Kwa hivyo kuhamisha kipimajoto ni kubadilisha historia kidogo.

Mfano mzuri ni Julai ya 1934. Rekodi rasmi ya joto kali zaidi Chicago ni 105 (nyuzi 40.6), iliyopimwa pale chuoni tarehe 24. Kumbe siku moja kabla, kipimajoto cha uwanja ambao leo unaitwa Midway kilikuwa kimefika 109, karibu nyuzi 43. Hiyo haikuhesabiwa, kwa sababu mwaka huo Midway haikuwa kituo rasmi. Na mwaka wa 1995 mambo yakageuka: O'Hare ikapima 104, Midway ikapima 106. Kama kipimajoto rasmi kingebaki Midway, Julai 13 ya 1995 ingeipiku rekodi ya 1934. Badala yake ni bingwa wa tarehe yake tu.

Kitu kingine ambacho jedwali halionyeshi ni unyevu. Hewa ya wiki ile ilikuwa nzito kama ya jikoni lisilo na dirisha. Sehemu ya unyevu huo ilitoka kwenye mashamba ya mahindi ya majimbo ya kati, maana mahindi yanapokua hutoa mvuke mwingi kupitia majani. Jasho likikataa kukauka, mwili hauna njia nyingine ya kujipoza. Ukijumlisha joto na unyevu, pale Midway mwili ulikuwa unahisi kama nyuzi 52. Usiku nao haukupoa. Nyumba za matofali zilikuwa zimemeza joto mchana kutwa na sasa zilikuwa zinalitapika ndani.

Halafu kuna hili: kipimajoto cha serikali hukaa kivulini, ndani ya kasha linalopitisha hewa, mahali palipo wazi. Hakuna mtu anayelala humo. Hata hapa Nairobi, namba inayotoka Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya idara ya hali ya hewa, haikuambii lolote kuhusu chumba cha mabati saa nane mchana. Chicago wazee walikuwa kwenye ghorofa za juu, wengi peke yao, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi. Wengine hawakuwa na kiyoyozi, na wengine walikuwa nacho lakini waliogopa bili. Kisha stima ikapotea katika nyumba zipatazo 49,000.

Julai 13 ilikuwa Alhamisi. Vifo vilifika kilele Jumamosi, tarehe 15, wakati vipimo vilikuwa vimeanza kushuka. Mochari ya Kaunti ya Cook ikajaa, ikabidi malori ya friji yaletwe na kuegeshwa nje. Na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Meya Richard M. Daley alitilia shaka hesabu ya vifo: si wazee hufa kila siku? Labda hawa walikuwa wafe tu. Aliyebishana naye alikuwa Edmund Donoghue, daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti wa kaunti. Donoghue alikuwa na vigezo. Kimojawapo kilikuwa joto la mwili la 105 au zaidi wakati wa kufa au mara tu baadaye. Yaani namba ileile ya rekodi ya jiji ya 1934, safari hii ndani ya binadamu.

Kwa vigezo hivyo, vifo 465 vya kati ya Julai 11 na 27 vilihusishwa na joto. Baadaye wataalamu wakatumia njia rahisi zaidi: wakahesabu waliokufa wiki ile, wakatoa idadi ambayo kwa kawaida hufa wiki kama ile. Waliozidi walikuwa 739. Njia hii haisubiri mtu kuandikwa neno "joto" kwenye cheti. Kwangu ndiyo hesabu ya haki zaidi, na ndiyo inayotajwa mara nyingi leo.

Eric Klinenberg, mwanasosholojia aliyezaliwa jijini humo, alichapisha kitabu kuhusu vifo hivyo mwaka wa 2002. Alilinganisha mitaa miwili inayopakana. North Lawndale, mtaa wa Wamarekani weusi ulioachwa na viwanda na maduka, ulipoteza watu 40 kwa kila 100,000. South Lawndale, wenye Walatino wengi, ulipoteza 4. Joto lilikuwa lilelile, na kote kulikuwa na maskini na wazee wanaoishi peke yao. Tofauti aliyoiona ilikuwa barabarani. South Lawndale kulikuwa na maduka, wachuuzi na watu wanaopita, kwa hiyo mzee alikuwa na mahali pa kwenda na njia ya kufikia huko bila woga. North Lawndale viwanja vilikuwa vitupu, na mzee aliyetoka nje alikuwa anajihatarisha. Alibaki ndani.

Mwaka wa 1999 joto kali lilirudi. Safari hii jiji lilipiga simu kwa wazee na kutuma watu wabishe hodi milangoni. Walikufa kama 110.

Baadhi ya waliokufa 1995 hawakuchukuliwa na mtu. Agosti ya mwaka huo, 41 kati yao walizikwa pamoja na maiti wengine wasiodaiwa katika mtaro mmoja mrefu huko Homewood, kusini mwa jiji.