Usahihi Usiotimia: Urudufishaji wa DNA na Mazao ya Murera

Vitabu vingi vya biolojia hueleza urudufishaji wa DNA kana kwamba umuhimu wake wote umo katika kutoa nakala kamili: seli inapogawanyika, kila seli-binti hupata maelekezo yale yale yaliyokuwa katika seli mama. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha nusu ya jambo. Hoja ya makala hii ni kwamba uzito wa urudufishaji unatokana na kiwango cha usahihi wake. Kiwango hicho ni kikubwa kiasi cha kuhifadhi aina ya mmea kwa karne nzima, ila hakifikii ukamilifu, na upungufu huo mdogo ndio chimbuko la tofauti zote za urithi. Ushahidi wa pande zote mbili unapatikana katika ukanda wa Murera, wadi ya Kaunti ya Kiambu iliyo kati ya Ruiru na Thika, ambako mananasi na kahawa vimelimwa kibiashara kwa miongo mingi. Mazao hayo mawili huzalishwa kwa njia zisizofanana, na kwa sababu hiyo yanatuwezesha kuitazama kazi ya urudufishaji ikiwa peke yake, kisha ikiwa imechanganyika na nguvu nyingine.

Kwanza ni lazima tuone usahihi huo unapatikanaje. Molekuli ya DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana, na besi za uzi mmoja hushikana na za mwenzake kwa kanuni maalumu: adenini kwa thaimini, guanini kwa sitosini. James Watson na Francis Crick walipoeleza muundo huo mwaka 1953 walitambua kwamba kila uzi unaweza kuwa kielelezo cha kuundia mwingine. Uthibitisho uliletwa na Matthew Meselson na Franklin Stahl mwaka 1958. Waliotesha bakteria katika naitrojeni nzito, kisha wakawahamishia katika naitrojeni ya kawaida. Baada ya kizazi kimoja DNA yote ilikuwa na uzito wa kati, jambo linalolingana na kila molekuli kuwa na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Ugunduzi huu una maana kubwa kwa hoja yetu, kwani uzi wa zamani hubaki kuwa shahidi ambaye uzi mpya unaweza kulinganishwa naye. Kimeng'enya cha polimerasi, kinachounganisha besi mpya, kikiachwa kichague tu hukosea takriban mara moja katika besi 100,000. Lakini kikihisi kwamba besi ya mwisho haikukaa sawasawa, hurudi nyuma, huikata na kuweka nyingine, na makosa hupungua kama mara 100. Baada yake hupita mfumo mwingine wa vimeng'enya unaotafuta jozi zisizopatana na kuzirekebisha. Hesabu ya mwisho ni kosa moja katika besi bilioni 1 hadi bilioni 10. Usahihi wa kiwango hiki haukuja bure: seli hutumia nishati na muda kukata na kujenga upya kile ilichokwisha kukijenga.

Nanasi linaonyesha matunda ya gharama hiyo. Aina ya Smooth Cayenne, iliyoijenga sekta ya mananasi ya Thika, haipandwi kwa mbegu. Chavua yake haiwezi kurutubisha maua ya aina yake yenyewe, hivyo shamba lenye aina hiyo pekee huzaa matunda yasiyo na mbegu, na mkulima hupanda shungi la majani lililo juu ya tunda au machipukizi ya shina. Kila mmea mpya basi ni mwendelezo wa mwili wa ule uliotangulia: DNA imerudufishwa na seli zikagawanyika, bila jeni za baba kuchanganyika na za mama. Aina hii ilichukuliwa Cayenne, katika Guiana ya Kifaransa, na kupelekwa Ufaransa mwaka 1819. Zaidi ya miaka 200 baadaye, wazao wake bado wanatambulika kwa tunda lao na kwa majani yasiyo na miiba isipokuwa karibu na ncha. Uthabiti huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya polimerasi na wasahihishaji wake. Hata hivyo, mara kwa mara huzuka mmea wenye miiba ukingoni mwa majani, nao hung'olewa ili usienezwe. Kwa kuwa mmea huo haukutokana na mbegu, miiba yake haiwezi kuelezwa kwa mchanganyiko wa wazazi. Ni badiliko la DNA lililotokea katika seli za mwili, likaponyoka ukaguzi, likarudufishwa kwa uaminifu ule ule uliohifadhi sehemu nyingine zote.

Kahawa inatuonyesha hatari ya kuhifadhi bila kubadili. Mbuni wa arabika hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo aina zilizoteuliwa na maabara za Scott huko Kabete katika miaka ya 1930, kama SL28, zilienea mashambani zikiwa karibu na kufanana kabisa. Ufanano huo uliwapa walaji kikombe kinachosifiwa duniani. Kuvu wa chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wa Kenya huuita CBD, alionekana nchini mara ya kwanza mwaka 1922, na ufanano huo huo ulimpa karamu. Mbuni mmoja ukishindwa kujikinga, jirani zake wote wanashindwa kwa sababu ile ile. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walilazimika kutafuta kinga nje ya SL28, na waliipata katika Rume Sudan, kahawa ya uwanda wa Boma, katika aina ya K7, na katika chotara ya Timor iliyotokana na arabika na robusta. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ilikusanya jeni hizo pamoja. Lakini kwa kuwa ni chotara, mbegu zake hazitoi miche inayofanana nayo. Hutengenezwa upya kwa kuchavusha maua kwa mkono, au huzalishwa kwa vipandikizi na kwa kubebesha, njia mbili za mwisho ambazo, kama za nanasi, zinategemea urudufishaji pekee.

Hapa mpinzani makini ana hoja nzito. Atasema kwamba kinga ya Ruiru 11 ilitokana na uchavushaji na mpangilio mpya wa jeni, na kwamba makosa ya urudufishaji hayakuhusika. Ni kweli kwamba uchavushaji ulizikutanisha jeni hizo, ila kukutanisha si kuumba. Ukichanganya vitu vinavyofanana mia kwa mia hupati kipya. Jeni ya kinga ya Rume Sudan inatofautiana na mwenzake wa SL28 kwa sababu hapo zamani DNA ya ukoo mmoja ilibadilika na badiliko hilo likadumu. Atauliza tena: je, mabadiliko mengine hayaletwi na mionzi ya jua na kemikali? Huletwa, lakini jeraha la DNA bado si badiliko la urithi. Linaweza kuponywa kwa kuufuata uzi wa pili. Huwa la kudumu hasa pale urudufishaji unapopita juu yake kabla halijarekebishwa, na besi isiyofaa ikapata mwenza anayelingana nayo. Tangu hapo shahidi hayupo tena, kwani nyuzi zote mbili zinasema neno moja. Hata jeraha kutoka nje, basi, huingia katika urithi kwa mlango wa urudufishaji.

Pingamizi la pili ni la kimantiki zaidi: mabadiliko mengi hayana faida, na baadhi huua. Badiliko la besi moja katika jeni ya himoglobini hutosha kuleta selimundu. Kwa nini basi tuhesabu kosa kuwa sehemu ya thamani ya mfumo unaojitahidi kuliepuka? Sidai kwamba seli hukosea kwa makusudi. Ninachodai ni kwamba kiwango cha makosa chenyewe hupimwa na uteuzi asilia. Katika jaribio la Richard Lenski lililoanza mwaka 1988 na koo 12 za bakteria, nusu ya koo hizo hatimaye zilipoteza sehemu ya uwezo wa kurekebisha DNA, zikawa na makosa mengi kuliko mababu zao, na bado zikastawi. Tena selimundu hiyo hiyo inatufunza kutohukumu haraka: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria. Faida na hasara ya badiliko huamuliwa na mazingira, na mazingira hubadilika baada ya nakala kutoka.

Ikiwa hoja hii inasimama, matokeo yake yanavuka darasa la biolojia. Urudufishaji huhifadhi kilichopo tu. Hauna kumbukumbu ya kilichopotea. Jeni ya kinga ikitoweka pamoja na mbuni wa mwisho ulioibeba, uwezekano wa badiliko lile lile kutokea tena mahali pale pale katika DNA ni mdogo kiasi kwamba hakuna mpango wa kilimo unaoweza kulisubiri. Ndiyo maana mkusanyiko wa aina za kahawa unaotunzwa Ruiru, pamoja na mibuni isiyozaa vizuri na isiyo na soko, una thamani kubwa kuliko mavuno yake. Ni akiba ya mabadiliko yaliyokwisha kutokea, yakachujwa, na ambayo hakuna kitalu kinachoweza kuyatengeneza kwa agizo. Ruiru 11 ilipatikana kwa sababu kulikuwa na akiba ya kuchota, na ugonjwa utakaofuata utatukuta na kile tu tulichokihifadhi.