Bata wa Chumbani

Duck End ulikuwa mtaa wa maskini mjini Aylesbury, Uingereza, na mwenye kulala huko hakulala peke yake. Kandokando ya ukuta yalipangwa masanduku ya mbao yaliyotandikwa nyasi kavu, na ndani ya kila sanduku kuku ameatamia mayai ya bata. Vifaranga walilelewa mumo humo, karibu na moto. Isabella Beeton, katika kitabu chake cha mambo ya nyumbani kilichotoka mwaka 1861, anaeleza jinsi masanduku kama hayo yalivyofika hadi chumba cha kulala.

Aylesbury uko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa London. Katika karne ya 18 manyoya meupe ya bata yalikuwa na soko zuri, kwa kuwa ndiyo yaliyojaza mafarishi. Wafugaji wakawa wanachagua weupe kizazi baada ya kizazi, hadi wakampata bata mkubwa, mweupe pe, kidari kimeshuka karibu kugusa ardhi, na mdomo wa rangi ya waridi hafifu. Mdomo huo ulikuwa fahari yao, nao walikuwa na namna ya kuutunza: changarawe nyeupe kutoka vijiji vya Long Marston na Gubblecote iliwekwa kwenye chombo cha maji, bata akawa anaichokoachokoa humo siku nzima.

Ajabu ni kwamba bata aliyeupa mji sifa hakulelewa majini. Maisha ya bwawani yalikuwa ya wazazi wake. Vijijini, bata wa kutaga waliachiwa huru, wakashinda kwenye mabwawa ya kijiji wakijitafutia wadudu na chochote kingine kilichowafaa. Bata wa kaya moja walichanganyika na wa kaya nyingine, wote weupe, nani atamjua wake? Kila mfugaji akawapaka bata wake rangi kichwani au shingoni, ugomvi ukaisha. Kuanzia Novemba mayai yalianza kupatikana, na walezi wa mjini wakayanunua.

Hapo kazi ilihamia kwa kuku. Bata wa Aylesbury hutaga vizuri lakini hana subira ya kuatamia, na siku 28 ni nyingi. Wasomaji wa Beatrix Potter watamkumbuka Jemima, bata mweupe wa hadithi ya mwaka 1908, aliyenyimwa ruhusa ya kuatamia mayai yake mwenyewe. Mwandishi hakubuni shida hiyo; wenye bata waliijua zamani. Wiki ya mwisho mayai yalinyunyiziwa maji ya uvuguvugu ili ganda lilegee.

Kifaranga akishatotolewa alilishwa kama mgeni wa heshima: mayai ya kuchemsha yaliyokatwakatwa, mkate uliolowekwa, wali, baadaye shayiri na makapi ya mafuta ya wanyama. Hakuruhusiwa kuogelea, kwa maana alitakiwa kunenepa. Aliogelea mara moja tu. Siku chache kabla ya kuchinjwa, vifaranga walipelekwa bwawani wakaoge, manyoya yapate kukaa vizuri, kisha wakarudishwa. Walikuwa na umri wa wiki sita hadi nane.

Baada ya kuchinja, wanawake walinyonyoa. Manyoya yaliuzwa kwa wafanyabiashara, nyama ikaenda London. Biashara ilichangamka msimu wa ndege wa kuwindwa ulipokwisha, mnamo Februari, wakati meza za wakubwa zikiwa hazina kitu kipya. Matajiri wa London walikula bata, kwa maana zote mbili. Aliyewalea alibaki na harufu na mitaro michafu ya Duck End.

Kabla ya reli, bata waliswagwa kwa miguu hadi London. Ili nyayo zisichubuke, walipitishwa kwanza kwenye lami, kisha kwenye unga wa mbao, wakatoka wamevaa viatu. Reli ilipofika Aylesbury mwaka 1839, safari hiyo ikafa. Bata walichinjwa nyumbani, wakafungashwa vikapuni na kupakiwa kwenye treni ya jioni. Msimu ukipamba moto, tani nzima iliondoka kwa usiku mmoja. Mwaka 1845, maonyesho ya kwanza ya kitaifa ya ndege wa kufugwa yalipofanyika London, kundi moja la mashindano lilitaja bata wa Aylesbury kwa jina.

Kisha akaja mgeni. Mwaka 1873 bata wa Pekin, kutoka China, aliletwa Uingereza: mweupe vilevile, lakini anasimama wima, mdomo wa rangi ya chungwa, mstahimilivu wa maradhi na nafuu kumlea. Wafugaji wakachanganya damu. Duck End penyewe, ardhi ilikuwa imechoka kwa kinyesi cha miaka mingi, na ulezi ukahamia mashambani. Vita Kuu ya Kwanza ikapandisha bei ya chakula cha mifugo. Kufikia miaka ya 1950 lilikuwa limebaki kundi moja tu kubwa la biashara, huko Chesham.

Jina halikufa. Timu ya mpira ya mji, Aylesbury United, huitwa Bata mpaka leo, na katika kampeni yake ya Kombe la FA msimu wa 1994/95, wachezaji wakifunga goli walipiga magoti, wakajipanga mstari mmoja na kutembea hivyo hivyo uwanjani, viwiko vikipigapiga kama mabawa.